Darasa la Kusokota Sufu Nyandarua: Wapelekeni Watoto, Lakini Kifurushi Kiacheni Hukohuko

Katika likizo ya Agosti niliwachukua wanangu wawili, binti wa miaka 10 na mdogo wake wa miaka 6, pamoja na mpwa wangu wa miaka 13, tukaondoka Nairobi alfajiri na kupanda hadi Nyandarua kuhudhuria darasa la siku moja la kugeuza manyoya ghafi ya kondoo kuwa uzi. Darasa hilo linaendeshwa na kikundi cha kina mama katika karakana yao, ambayo sitaitaja jina kwa sababu nina malalamiko kadhaa dhidi yake, na hayana uzito wa kuwaharibia watu soko. Nilitoa shilingi 2,500 kwa ajili yangu na 1,500 kwa kila mtoto, chai na chakula cha mchana vikiwemo, kisha jioni nikaongeza 4,800 kwa kifurushi cha vifaa vya kwenda navyo nyumbani. Fedha za darasa sizijutii hata kidogo. Za kifurushi ninazijutia, na nitaeleza kwa nini.

Kwa wasomaji wa pwani wenzangu, nianze kwa kuondoa utata ambao mama yangu alinipigia simu kuuliza: tunazungumzia sufu, ya kondoo, wala si sufi ya mti wa msufi tunayojazia mito na magodoro. Herufi moja inatenganisha vitu viwili visivyokuwa na undugu wowote, na sufi, kwa ulaini wake wote, haisokoteki kwa urahisi, kwa kuwa nywele zake ni fupi na zinateleza. Mtoto wangu mdogo alikuwa na swali jingine, nalo lilikuwa zuri zaidi: kondoo anaowajua yeye, wale wa Idd na wale wekundu wa Wamaasai wanaopita kandokando ya barabara, mbona hawana sufu? Jibu ni kwamba kondoo wekundu wa Kimaasai na wale weupe wenye kichwa cheusi ni kondoo wa nywele fupi, wanaofugwa kwa nyama na kwa uwezo wao wa kuhimili joto na ukame, ilhali kondoo wa sufu waliletwa kutoka nje na wakakubali kukaa kwenye nyanda za juu zenye baridi. Manyoya tuliyoyakuta karakanani yalikuwa ya Corriedale, mbegu iliyopatikana New Zealand katika karne ya 19 kwa kuchanganya Merino na Lincoln, na kwa anayejifunza ni chaguo la busara: nywele zake ni ndefu kuliko za Merino, si laini mno kiasi cha kuponyoka vidoleni, wala hazikwaruzi kama kamba ya katani.

Sababu kubwa ya kulisifu darasa hili ni kwamba linaanza na uchafu. Nimewahi kuwapeleka watoto kwenye shughuli nyingine za mikono mjini, ambako mtoto hupewa kitu kilichokwisha kusafishwa, kukatwa na kupimwa, akabaki na kazi ya kukibandika tu. Hapa tulikuta manyoya ya kondoo mzima, yaliyonyolewa kwa pamoja bila kukatika, yametandazwa juu ya meza ya wavu kama mkeka mzito, upande wa nje ukiwa wa kijivu na umejaa majani makavu, mbegu za miiba na vigololi vya kinyesi vilivyogandia kwenye kingo. Binti yangu alirudi nyuma hatua mbili na kutangaza kwamba kitu hicho kinanuka zizi. Mwalimu mkuu, bibi wa makamo ambaye watoto wote walimwita Shosho ndani ya dakika tano, hakumjibu kwa maneno. Aliingiza vidole vya mikono miwili katikati ya manyoya yale, akayatenga taratibu kama mtu anayetafuta mstari wa nywele kabla ya kusuka, na ndani yake pakatokea rangi ya siagi, safi, inayong'aa, yenye mawimbi madogomadogo yaliyolingana. Watoto wote saba waliokuwepo waliinama kwa pamoja. Nilikuwa nimelipa kwa ajili ya dakika hiyo bila kujua.

Baada ya hapo waliondoa kingo zote chafu, yaani sehemu za tumbo, miguu na mkiani, wakazitupa kwenye debe la mbolea ya bustani, kisha Shosho akawafundisha kuchagua vishungi kwa kusikiliza. Unashika kishungi kimoja huku na huku, unakisogeza sikioni na kukivuta ghafla: kikitoa mlio mkavu mmoja kama uzi wa gitaa, ni kizima, lakini kikichanika kwa sauti ya karatasi, basi nywele zake ni dhaifu, na mara nyingi maana yake ni kwamba kondoo aliugua au alikosa malisho wakati nywele hizo zilipokuwa zinaota. Mpwa wangu, ambaye katika umri wake wa miaka 13 alikuwa amekuja kwa shingo upande na simu mkononi, aliiweka simu mfukoni kwa mara ya kwanza siku hiyo ili avute vishungi. Kwamba mwaka mzima wa mnyama, na shida zake, unaweza kusomwa katika nywele zenye urefu wa kidole ni jambo ambalo hata mimi sikulijua.

Kuosha ndiko kulikonipa wasiwasi. Sufu ghafi ina mafuta yanayoitwa lanolini, yaleyale yanayowekwa kwenye vikopo vya kupaka midomo na kwenye dawa za chuchu za mama wanaonyonyesha, na mafuta hayo hayatoki kwa maji baridi. Maji yanatakiwa yawe ya moto kiasi cha mkono kutoyavumilia, takriban nyuzi joto 60, pamoja na sabuni ya kawaida ya kuoshea vyombo. Sufu inazamishwa bila kusuguliwa, inaachwa robo saa, kisha inatolewa kabla maji hayajapoa, la sivyo mafuta yaliyotoka yanarudi kugandia palepale. Maelezo yalikuwa mazuri na watoto waliyaelewa. Lakini sufuria mbili kubwa zilikuwa juu ya majiko ya chini, usawa wa kifua cha mtoto wa miaka 6, bila kizuizi chochote, na wasaidizi wawili walikuwa na watoto saba wa kuwaangalia. Hakuna aliyeungua, na wazazi tulisimama kama askari wa zamu, lakini hilo halikupaswa kuwa jukumu letu. Meza ndefu na beseni, maji yakimiminwa na mtu mzima, yangetosha kabisa.

Hapo kwenye beseni pia ndipo mpwa wangu alipofanya kosa ambalo, nadhani, walimu walikuwa wanalingojea. Aliona kishungi kimoja bado kina tope, akakitumbukiza katika maji ya bomba, yaliyokuwa ya baridi kweli kama yalivyo maji ya Nyandarua mwezi wa Agosti, akakisugua viganjani jinsi anavyosugua soksi za shule. Kilitoka kimegandamana kuwa kijiti kigumu kisichotenganishika. Shosho alikipokea, akakiweka mezani na kuwaita wenzake waje wakiguse. Aliwaeleza kwamba kila unywele wa sufu umefunikwa na magamba madogo mno yasiyoonekana kwa macho, kama ya samaki, na kwamba joto, msuguano na mabadiliko ya ghafla ya maji huyafanya magamba hayo yakamatane na yasiachiane tena. "Hiki si takataka, mjukuu wangu," alimwambia. "Hivi ndivyo kofia na zulia la kukandamizwa hutengenezwa. Ila leo tunataka uzi." Kijana alikuwa tayari ameanza kuona haya, lakini baada ya maneno hayo alikichukua kijiti chake akakitia mfukoni, na kwa kweli bado anacho.

Tulipima kilo moja ya manyoya kabla ya kuyaosha, na Shosho akatuonyesha kilo nyingine ya manyoya hayohayo iliyooshwa na kukauka wiki iliyotangulia: mizani ilisoma gramu 610. Yaliyobaki yote yalikuwa mafuta, jasho na vumbi. Somo la hesabu lilipatikana bila mtu kulitaja.

Kasoro ya pili inatokana na hali ya hewa zaidi kuliko uzembe, lakini ilipaswa kutajwa mapema. Sufu iliyooshwa asubuhi haiwezi kukauka kufikia mchana katika baridi ile, kwa hiyo watoto waliletewa sufu kavu ya wiki iliyopita ili waendelee nayo. Wakubwa hawakujali. Mwanangu mdogo alijali sana. Aliketi juu ya ndoo na kusema kwamba ile si sufu yake, yake ni ile inayochuruzika maji kwenye wavu, na kwamba hatasokota sufu ya mtu mwingine. Ilibidi tumfungie sufu yake mbichi ndani ya gunia la vitunguu ili akubali kurudi mezani. Ilikaa siku tatu kwenye veranda yetu Nairobi kabla ya kukauka. Iwapo mtampeleka mtoto wa umri huo, mwelezeni habari hii kabla hamjafika.

Kuchana sufu kulifanyika kwa vitana viwili bapa vyenye meno ya waya, kimoja kinalala kwenye paja na kingine kinapita juu yake. Kosa la kila mtoto, na la wazazi pia, ni kukandamiza na kukwangua kana kwamba mtu anasugua sufuria iliyoungua, ilhali meno ya vitana yanatakiwa yakaribiane tu bila kuumana, ili nywele zihame kidogokidogo kutoka kitana kimoja hadi kingine zikiwa zimelala upande mmoja. Mwishoni zinabanduliwa na kukunjwa kama chapati inayokunjwa kwa ajili ya chai, na mkunjo huo mwepesi ndio unaokwenda kusokotwa. Mikono ya binti yangu ilichoka baada ya mikunjo minne. Kwa wadogo walikuwa na njia bora zaidi, nayo ni kuchambua sufu kwa vidole pekee, kishungi baada ya kishungi, hadi iwe kama wingu, kama vile bibi zetu walivyochambua pamba. Ajabu ni kwamba mtoto wa miaka 6 aliyekuwa amenuna juu ya ndoo ndiye aliyechambua vizuri kuliko wote, maana hakuwa na haraka ya kufika popote.

Kisha tukafika kwenye kusokota, na hapa ndipo walimu hawa walipoonyesha kwamba wanawajua watoto. Hawakutumia gurudumu, bali kijiti chenye kisahani cha mbao upande wa chini na kindoana juu, kinachoning'inia kwenye uzi na kuzunguka hewani kama pia. Kwa mtu mzima, mikono miwili inafanya kazi tatu kwa wakati mmoja: kuzungusha kijiti, kuvuta nywele ziwe nyembamba, na kuamua msokoto upande lini. Mtoto akiachiwa yote matatu, uzi unakatika, kijiti kinaanguka, na baada ya mara ya kumi kinaanguka pamoja na machozi. Kwa hiyo kazi ilivunjwa vipande. Kwanza mtoto anakizungusha kijiti hadi uzi wa kuanzia ujae msokoto, kisha anakibana katikati ya magoti kisiende popote, na sasa mikono yake yote miwili iko huru kuvuta nywele. Anapovuta, anaachia vidole vya chini, na msokoto uliokuwa umefungiwa unapanda wenyewe hadi kwenye nywele na kuzigeuza uzi mbele ya macho yake.

Watoto waliokuja wawili wawili waligawana: mmoja azungushe, mwingine avute. Binti yangu alivuta, mdogo wake akazungusha, na kwa takriban dakika ishirini watoto wawili ambao nyumbani hawawezi kugawana rimoti walikuwa wanaambiana "ngoja," "sasa," "ngoja," kwa sauti ya chini. Uzi wao wa kwanza ulikuwa na mafundo manene kama mharagwe na sehemu nyembamba kama utando wa buibui. Shosho aliupitisha kati ya vidole vyake kutoka mwanzo hadi mwisho bila kusema kitu, akafika mahali fulani karibu na mwisho, akasimama. "Hapa," alisema, "hapa mlikuwa mnasikilizana." Palikuwa na urefu wa shubiri mbili hivi uliolingana kabisa.

Kuunganisha nyuzi mbili kuwa moja, ambako husokotwa kwa mwelekeo wa kinyume ili misokoto ishikane na uzi utulie usijinyonge, kulifanywa kwa haraka kwa sababu saa zilikuwa zimekwisha. Kupaka rangi, ambako kulikuwa kwenye tangazo lao kwa maneno makubwa, hakukufanyika kabisa. Tulionyeshwa tu vitita vilivyopakwa rangi kwa maganda ya vitunguu, vyenye rangi ya chungwa iliyokolea, na tukaelezwa kwamba sufu huchemshwa kwanza na shabu ili rangi ishike. Sina ugomvi na uamuzi wa kutoharakisha. Nina ugomvi na tangazo. Siku moja haitoshi kwa hatua zote hizo, hasa kwa watoto, na wangesema hivyo wala wasingepoteza mteja.

Sasa kifurushi. Ndani yake mna vitana viwili, kijiti cha kusokotea, gramu 200 za sufu iliyooshwa na karatasi moja ya maelekezo. Sufu ni nzuri, na kama wangeiuza peke yake ningenunua mara mbili. Kijiti, kwa upande wake, si kile tulichotumia darasani. Vijiti vya darasani vilikuwa vyepesi, karibu gramu 40 kwa mizani yao wenyewe. Hiki kilisoma gramu 95 kwenye mizani yangu ya jikoni, na tundu la kisahani chake halikutobolewa katikati sawasawa, hivyo kinayumba kama mlevi na kusimama baada ya mizunguko michache. Uzito huo unaukata uzi wa mtoto kabla haujafika urefu wa mkono. Meno ya vitana yalianza kulala wiki ya kwanza. Karatasi ya maelekezo imeandikwa kwa Kiingereza pekee, na wanaoiuza ni kina mama waliotufundisha kutwa nzima kwa Kiswahili kilichonyooka, jambo ambalo mpaka sasa sijalielewa. Nilipopiga simu kueleza habari ya kijiti walinisikiliza kwa adabu na kuniahidi kingine, na sasa ni wiki ya sita.

Hatukungoja. Mpwa wangu aligundisha sidii mbili kuukuu kwa pamoja, akapitisha katikati kijiti cha mshikaki kilichokazwa kwa mpira, akakunja waya wa klipu ya karatasi kuwa kindoana. Kinazunguka vizuri kuliko kile cha dukani na hakijagharimu chochote. Wala hakuna jipya katika kubahatisha vifaa hivi kutoka kwa vitu vilivyovunjika: kule Kilwa wachimbaji wa mambo ya kale wamepata vigae vya vyungu vilivyochongwa mviringo na kutobolewa katikati, ambavyo mafundi wa zamani wa pwani walivitumia kama visahani vya kusokotea pamba. Badala ya vitana, brashi mbili za kuchania mbwa zenye meno ya waya zinafanya kazi ileile, na zinapatikana kwenye maduka ya vyakula vya mifugo.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa mzazi anayefikiria kwenda ni kwamba aende, na achukue watoto wa kuanzia miaka 8 hivi, au mdogo zaidi ikiwa yuko na ndugu mkubwa wa kushirikiana naye. Wavae nguo za joto zisizo na thamani, kwa sababu harufu ya lanolini haitoki kwa kufuliwa mara moja, na wafike na soksi za akiba maana sakafu ya sehemu ya kuoshea ni maji matupu. Mtoto mwenye pumu au ngozi inayowasha ni bora aulizwe daktari wake kwanza, kwa kuwa vumbi la manyoya makavu wakati wa kuchana si dogo. Mzazi asikae pembeni na simu, si kwa sababu ya maadili, bali kwa sababu ya yale majiko. Na akiulizwa jioni kama angependa kifurushi, aombe sufu pekee.

Jambo moja tulilolikosa ni kunyoa kwenyewe, kwa kuwa kondoo wao hunyolewa mara moja kwa mwaka na tulikuwa tumechelewa. Nimeacha nambari yangu ili nijulishwe siku hiyo ikikaribia. Mwanangu mdogo ameshaniagiza nimuulize Shosho jina la kondoo aliyetoa ile sufu ya gunia la vitunguu, ambayo amekwisha kuichambua yote, na ambayo hataki mtu yeyote aisokote isipokuwa dada yake.